Usiku Mmoja wa Jackson Pollock: Uchambuzi wa Kisa cha Picha ya Mita Sita

Kisa kinavyosimuliwa ni hivi. Mwaka 1943, jijini New York, mwanamke tajiri aitwaye Peggy Guggenheim anamwagiza mchoraji ambaye bado hana jina, Jackson Pollock, amchoree picha ya kujaza ukuta wa ukumbi wa kuingilia nyumbani kwake. Pollock anawamba kanvasi yenye urefu wa mita sita. Kisha anakaa. Anaikodolea macho wiki hadi wiki, mwezi hadi mwezi, brashi haigusi. Mwenye kazi anauliza, mchoraji hana jibu. Mchoraji mwenzake anayeishi naye, Lee Krasner, anaishiwa maneno. Siku ya kukabidhi inafika kesho. Usiku ule jamaa anainuka kama aliyepandwa na pepo, anashika rangi, na kunapopambazuka picha nzima imekamilika. Sanaa ya Marekani imezaliwa usiku mmoja.

Ni kisa kitamu. Kimesimuliwa na watu waliokuwa karibu, akiwemo Krasner mwenyewe, akiwemo na Guggenheim katika kumbukumbu zake, na kikaendelea kurudiwa madarasani kwa zaidi ya nusu karne. Na si kisa cha pembeni. Mtu akitaka kueleza ekspreshonizimu dhahania ni nini, yaani ule uchoraji wa New York wa miaka ya 1940 na 1950 usioonyesha mti wala mtu bali mwendo wa mkono na nguvu ya rangi, mara nyingi huanzia hapa: mtu, kanvasi kubwa, mlipuko wa nafsi. Kwa hiyo nimekichukua kama fundi anavyochukua ukuta wenye ufa, nikitaka kujua ufa unaanzia wapi. Kwa sababu ukuta huu una ufa.

Picha yenyewe inaitwa Mural, maana yake mchoro wa ukutani, ingawa haikuchorwa ukutani. Ina kimo cha mita 2.43 na urefu wa mita 6.04, karibu mita za mraba 15. Ukisimama mbele yake huoni mwanzo wala mwisho. Kuna mistari mirefu ya rangi nzito ya giza inayopinda kama watu warefu wanaotembea kwa safu kutoka upande mmoja hadi mwingine, na katikati yao kuna njano, waridi, kijani cha bahari, nyekundu na nyeupe chafu, vyote vinazungukana. Jicho halipati pa kukaa. Hakuna kitovu, hakuna mbele na nyuma, hakuna mhusika mkuu. Miaka mingi baadaye Pollock alimwambia rafiki yake kwamba alichoona kichwani ni wanyama wa Magharibi mwa Marekani wakikurupuka kwa pamoja, ng'ombe, farasi, swala, nyati, kundi zima likitimua mbio. Ukishaambiwa hivyo unaanza kuona kwato. Ukikaa nayo dakika kumi zinapotea tena.

Sasa turudi kwenye mazingira, maana mlipuko hauji bila baruti.

Pollock alizaliwa mwaka 1912 Cody, Wyoming, kitinda mimba katika ndugu watano wa kiume. Mwaka 1943 alikuwa na miaka 31 na alikuwa mtumishi katika jumba la makumbusho la Solomon Guggenheim, mjomba... hapana, Waswahili tungesema baba mkubwa au mdogo, kwani alikuwa ndugu wa baba yake Peggy. Kazi yake ilikuwa useremala na shughuli ndogondogo za humo ndani. Peggy naye alikuwa amerudi kutoka Ulaya akikimbia vita, na Oktoba 1942 alifungua galari yake mtaa wa 57, akaiita Art of This Century. Katika majira ya kuchipua ya 1943 aliandaa maonyesho ya vijana, na inasimuliwa kwamba Piet Mondrian, Mholanzi wa mistari iliyonyooka na miraba safi, ndiye aliyesimama mbele ya picha ya Pollock na kumshawishi Peggy aitazame mara ya pili. Kichekesho chake ni kwamba hakuna wachoraji wawili waliotofautiana kuliko hao.

Julai wakaandikiana mkataba: dola 150 kwa mwezi kwa muda wa mwaka mmoja, maonyesho ya kwanza ya peke yake mwezi Novemba, na juu yake ile kazi ya picha kubwa kwa ajili ya nyumba aliyokuwa akikaa Peggy, namba 155 East 61st Street. Msanii Mfaransa Marcel Duchamp, mshauri wa Peggy, alishauri ichorwe kwenye kanvasi badala ya ukutani, ili Peggy akihama ahame nayo. Ushauri huo mdogo, wa mtu anayefikiria habari za kodi na mizigo, ndio sababu picha ipo leo.

Mwezi huohuo Pollock alimwandikia kaka yake mkubwa, Charles. Alimweleza kwamba hakuwekewa sharti lolote kuhusu achore nini au achoreje. Alimwambia amebomoa ukuta mwembamba uliotenga chumba cha mbele na cha kati ili ile kanvasi iingie, kwamba sasa imeshawambwa, inaonekana kubwa, na inamsisimua kupita kiasi. Tena alitaka iwe tayari kabla ya maonyesho ya Novemba. Hiyo barua naomba tuiweke pembeni, tutaihitaji.

Mkono ulioshika brashi mbele ya kanvasi ile haukuwa mtupu. Hapa ndipo kisa cha usiku mmoja kinapotudhulumu zaidi, kwa sababu kinafuta walimu wote.

Wa kwanza ni Thomas Hart Benton, aliyemfundisha kuanzia 1930 pale Art Students League. Benton alichora wakulima na makuli na treni, picha zenye maana wazi kabisa, na Pollock baadaye alisema alichopata kwake ni kitu cha kupingana nacho. Lakini Benton alikuwa na zoezi lake la kupanga picha: chora nguzo za wima kwanza, halafu zungushia maumbo kila nguzo, yapande na kushuka kama mawimbi, nguzo hii ikabidhi mwendo kwa inayofuata. Ondoa wakulima na treni, bakiza nguzo na mawimbi. Ukitazama Mural baada ya kujua hilo, zile nguzo za giza zimejipanga upana mzima kama mwanafunzi aliyemaliza kazi ya nyumbani ya mwalimu aliyemkataa.

Wa pili ni Wameksiko. Mwaka 1930 Pollock aliuona mchoro wa José Clemente Orozco wa Prometheus, yule wa hekaya za Kigiriki aliyeiba moto wa miungu, katika chuo cha Pomona, California, mwili mkubwa unaowaka ukutani juu ya vichwa vya watu wanaokula chakula. Na mwaka 1936 alihudhuria karakana ya majaribio ya David Alfaro Siqueiros karibu na Union Square. Siqueiros alikuwa mkomunisti aliyeamini kwamba sanaa ya zama za mashine haiwezi kupakwa kwa vifaa vya zama za wafalme. Humo karakanani watu walitumia rangi za kupulizia magari, walimwaga rangi, waliirusha, waliitiririsha kwenye mbao zilizolazwa sakafuni, wakatazama ajali inataka kusema nini. Vijana walikuwa wakitengeneza mabango na magari ya maandamano ya Mei Mosi. Nani angedhani kwamba mbinu ya kumwaga rangi, ambayo Vita Baridi ilikuja kuitangaza kama sura ya uhuru wa Kimarekani, ilipitia mikononi mwa mkomunisti wa Meksiko?

Halafu kuna serikali yenyewe. Wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, kuanzia 1935 hadi 1943, mpango wa ajira wa Federal Art Project uliwalipa wachoraji mshahara ili waendelee kuchora. Pollock, Krasner, Mark Rothko, Arshile Gorky, Willem de Kooning, wote walipita humo kwa muda mrefu au mfupi. Wengine walifanya michoro ya kuta za majengo ya umma, na wakazoea kufikiria kwa mita badala ya sentimita. Ukubwa wa picha zao za baadaye haukutoka kwenye kiburi peke yake.

Na kuna wakimbizi. Vita vilipoanza Ulaya mwaka 1939 na Paris ikaanguka mwaka 1940, wasurealisti, wasanii wa ndoto na nafsi iliyofichika, walivuka bahari: André Breton, Max Ernst, André Masson, Roberto Matta. Walikuja na wazo la kuuacha mkono uende kabla akili haijauamuru, ili kilicho chini kabisa ya nafsi kijitokeze chenyewe. Pollock alikuwa ameshakuwa kwa daktari wa magonjwa ya akili aliyefuata mafundisho ya mwanasaikolojia Carl Jung tangu 1939, kwa ajili ya ulevi, na alikuwa akimpelekea michoro kama sehemu ya mazungumzo yao. Kwa hiyo wasurealisti walimkuta mtu aliyekwisha kuzoea kuchora asichokijua. Tofauti ni kwamba wao walifanya hivyo kwenye karatasi, na kwa kawaida mwisho wake umbo la ndoto lilitokea, jicho, mdudu, mwanamke. Wamarekani waliuchukua mwendo wenyewe wakauacha bila umbo, wakaupanua kufikia ukuta mzima.

Ongeza Guernica ya Picasso iliyoonyeshwa New York mwaka 1939, na maonyesho ya sanaa ya Wahindi Wekundu pale Museum of Modern Art mwaka 1941, ambako Wanavajo walichora kwa mchanga sakafuni mbele ya watazamaji. Inatosha. Kufikia kiangazi cha 1943 chumba kile kilichobomolewa ukuta kilikuwa kimejaa watu, hata kama mlango ulifungwa na mchoraji alikuwa peke yake.

Sasa, ule usiku.

Wasimulizi walikuwa wakiuweka mwishoni mwa Desemba 1943 au mwanzoni mwa Januari 1944. Kidonda cha kwanza cha kisa hiki kinatoka kwa Peggy mwenyewe, si kwenye kumbukumbu zake alizoandika akijua zitachapishwa, bali kwenye barua. Tarehe 12 Novemba 1943 alimwandikia rafiki yake kwamba wamefanya sherehe ya Pollock, mtu mwenye kipaji kipya, na kwamba amechora picha ya futi ishirini kwenye ukumbi wa nyumba yake. Karibu wote wameipenda, isipokuwa mwenzake waliyepanga naye, Kenneth Macpherson, na bahati mbaya ni yeye anayelazimika kuiona kila anapoingia na kutoka. Kumbe katikati ya Novemba picha ilikuwa ukutani tayari. Kidonda cha pili kinatoka kwa Pollock. Januari 1944 alimwandikia kaka yake Frank kwamba aliichora wakati wa kiangazi, na kwamba ilikuwa raha kubwa kuichora. Hakutaja miezi ya kukodoa macho wala usiku wa mapepo.

Unganisha na ile barua ya Julai. Kanvasi imewambwa Julai, mchoraji amesisimka, anataka kumaliza kabla ya Novemba, na Novemba picha iko kwa mwenyewe. Ni ratiba ya fundi anayetimiza ahadi, jambo ambalo kwa kweli lingestahili kuwa habari kubwa zaidi.

Lakini barua ni maneno, na maneno hujibiwa kwa maneno. Ushahidi uliofunga mjadala ulitoka kwenye rangi. Mwaka 2012 picha ilipelekwa Los Angeles, kwa wataalamu wa uhifadhi na wanasayansi wa taasisi ya sanaa ya Getty, wakakaa nayo takriban miaka miwili. Waliipiga picha za eksirei, waliipima kwa vyombo vinavyotambua madini yaliyomo kwenye kila rangi, wakachukua chembe ndogo kuliko punje ya chumvi na kuzikata kwa ubavu ili kuhesabu matabaka.

Yeyote aliyewahi kupiga rangi ya mafuta mlango wa nyumba anajua kanuni yake. Mkono wa kwanza ukiwa haujakauka na ukapiga mkono wa pili wa rangi nyingine, rangi zinaingiana: nyeupe juu ya nyekundu mbichi inakuwa waridi lenye michirizi. Mkono wa kwanza ukiwa umekauka, wa pili unakaa juu yake peke yake, kingo zake zimekatika vizuri, na ukiukwangua kwa ukucha unaukuta wa chini uko salama. Rangi ya mafuta ya wachoraji ikipakwa nene haikauki usiku mmoja, huchukua siku, pengine wiki. Basi swali la kuwauliza wale wataalamu lilikuwa rahisi kulitamka: je, matabaka ya Mural yameingiana, au yamekaa juu ya mengine?

Jibu ni yote mawili. Chini kabisa kuna tabaka la kwanza la rangi nne zilizokorogwa nyepesi: njano ya limao, kijani cha bahari, nyekundu, na kahawia ya udongo. Zimetawanyika kanvasi nzima, na zimeingiana zikiwa mbichi. Zimepigwa haraka, na inawezekana kabisa kwamba zilipigwa kwa kikao kimoja. Mwandiko wa kwanza wa picha nzima, mwendo wake na nguzo zake, umo humo. Lakini juu yake, mahali pengi, brashi imepita juu ya rangi iliyokwisha kukauka. Njano haijachafuka chini ya nyeusi. Tabaka nene limelala juu ya tabaka nene bila kulivuta. Kazi ya namna hiyo inadai kuondoka, kulala, kurudi baada ya siku nyingi, kutazama, kuongeza, kuondoka tena.

Lisemwalo lipo, wanasema wahenga, na hapa lilikuwepo nusu. Kulikuwa na kikao cha kasi, pengine kilichomshangaza hata aliyekuwa pale. Krasner huenda aliiona kanvasi tupu jioni na iliyojaa kesho yake. Sidhani alidanganya. Nadhani alikumbuka siku ya kwanza ikameza wiki zilizofuata, kama sisi sote tunavyokumbuka harusi na kusahau vikao.

Kwenye matabaka hayo kuna vitu viwili ambavyo mimi navipenda kuliko mjadala wa usiku. Kimoja ni nyeupe. Sehemu za nyeupe chafu zilizozibwa katikati ya maumbo si rangi ya mafuta ya wachoraji. Ni rangi ya maji yenye kaseini, protini ya maziwa, aina iliyouzwa madukani kwa ajili ya kuta za nyumba. Aliitumia mwishoni, kurudisha nafasi, kufungua mahali palipokuwa pamesongamana. Hiyo ni kazi ya kuhariri. Mtu aliyepandwa na pepo haendi kufuata kopo la rangi ya ukuta akachagua wapi aizibe picha yake ipumue.

Kingine ni yale matone ya waridi. Kuna michirizi myembamba ya waridi iliyoruka hewani na kutua, inayoonekana kama iliyomwagwa. Kwa muda mrefu watu walitaka kuamini kwamba hapa, mwaka 1943, Pollock alilaza kanvasi chini na kuanza mbinu yake maarufu ya kutiririsha, ambayo kwa hesabu ya kawaida ilianza 1947 baada ya kuhamia Springs, Long Island. Wataalamu wa Getty walijaribu wenyewe: ukichukua rangi ya mafuta yenye ulaini unaofaa na kuirusha kwa brashi, inatoa michirizi kama hiyo kwenye kanvasi iliyosimama wima. Kwa hiyo picha ilisimama ukutani wakati wote, ila mkono ulikuwa umeshaanza kuiachilia rangi iruke. Kati ya brashi na kanvasi pameingia hewa. Sentimita chache tu, na miaka minne baadaye ndizo zitakazomfanya ajulikane dunia nzima.

Basi kwa nini kisa cha usiku mmoja kiliishi?

Sehemu ya jibu ni kwamba mtindo wenyewe ulikihitaji. Jina la ekspreshonizimu dhahania lilikuja kutumika kwa wachoraji hawa mwaka 1946, mhakiki Robert Coates alipoandika kuhusu mchoraji na mwalimu Hans Hofmann katika jarida la The New Yorker. Mwaka 1952 mhakiki mwingine, Harold Rosenberg, akaenda mbali zaidi: akaandika kwamba kwa wachoraji hawa kanvasi imekuwa ulingo wa kutenda, na kwamba kinachobaki juu yake ni tukio. Ukishasema hivyo, tukio la usiku mmoja linanoga kuliko wiki za kusubiri rangi ikauke. Mwaka mmoja kabla ya hapo zilikuwa zimetoka picha za kamera za Hans Namuth zinazomwonyesha Pollock wa mwaka 1950 akizunguka kanvasi iliyo sakafuni kama mchezaji ngoma. Watu wakarudi nyuma na kulivisha vazi hilo kila alichofanya kabla.

Sehemu nyingine ni siasa. Mwaka 1958 na 1959 Museum of Modern Art ilizungusha maonyesho ya uchoraji mpya wa Marekani katika miji minane ya Ulaya. Wakati Moscow ikiwaagiza wachoraji wake wachore matrekta na wafanyakazi wenye tabasamu, mtu anayechora kwa msukumo wa nafsi yake peke yake alikuwa tangazo zuri. Mshahara wa serikali wa miaka ya Mdororo na karakana ya Siqueiros havikufaa kwenye tangazo hilo.

Na sehemu ya tatu, kwa maoni yangu iliyo kubwa, ni kwamba kisa kinafuta wanawake kwa ulaini sana. Krasner alikuwa amesoma kwa Hofmann, aliijua sanaa ya kisasa ya Ulaya kuliko Pollock, na ndiye aliyemkutanisha na watu muhimu, akiwemo mhakiki Clement Greenberg. Kwenye kisa anaonekana kama mtu wa kungoja mlangoni. Janet Sobel, mama wa Brooklyn mzaliwa wa Ukraina, alikuwa akimwaga na kutiririsha rangi akijaza picha nzima kabla Pollock hajashika kopo kwa namna hiyo. Alionyesha kazi zake katika galari ileile ya Peggy, na Greenberg alikiri kwa maandishi kwamba yeye na Pollock waliziona. Hata Peggy, aliyetoa fedha, ukuta na maonyesho, katika simulizi nyingi anabaki tajiri mwenye vituko.

Kwa vituko, simulizi hii haina njaa. Inasemekana picha ilipofikishwa ilizidi ukuta kwa urefu, Duchamp akaamuru ikatwe inchi nane, na kwamba usiku uleule Pollock akiwa amelewa aliingia kwenye sherehe ya watu na kujisaidia haja ndogo kwenye meko. La meko siwezi kulipima kwa eksirei. La kukatwa limepimwa: kingo zote nne za kanvasi ni nzima, hakuna palipokatwa.

Ukiweka yote haya mezani, tabia za mtindo huu zinajitokeza kwa sura tofauti kidogo na ile ya vitabu vya haraka. Ukubwa, ndiyo, lakini ukubwa uliojifunzwa kwenye kuta za umma. Uso uliojaa sawasawa bila kitovu, ndiyo, lakini umeshikiliwa na nguzo za Benton. Mkono ulio huru, ndiyo, lakini ukifuatiwa na jicho linalorudi wiki ijayo kuhukumu. Rangi kama kitu chenye uzito na ulaini wake, ya mafuta, ya nyumba, ya gari, yoyote iliyofaa. Wenzake kina Rothko na Barnett Newman walichukua njia nyingine, ya maeneo mapana ya rangi tulivu yasiyo na alama ya mkono, na hao wanahitaji kisa chao wenyewe. Anayesema hata mtoto wa chekechea angeweza kuchora hivi ajaribu tu kuzijaza mita za mraba 15 bila jicho kuchoka wala kupata pa kulala.

Pollock mwenyewe alijua alichofanya. Mwaka 1947 aliomba ufadhili kutoka wakfu wa Guggenheim, akaeleza kwamba anataka kuchora picha kubwa za kuhamishika, zilizo katikati ya picha ya kuning'iniza na mchoro wa ukutani, kwa kuwa picha ya kawaida ya fremu ndogo inakufa. Mfano aliotoa ni ile ya ukumbi wa Peggy. Walimnyima.

Mwaka huohuo Peggy alifunga galari akahamia Venice, na picha haikuweza kwenda naye. Akakipa Chuo Kikuu cha Iowa, ambako ilifika mwaka 1951 na kuning'inia miaka mingi wanafunzi wakifanya kazi mbele yake. Uzito wa rangi ukaivuta katikati ikalegea. Mwaka 1973 walioihudumia waliigandisha kwa nta kwa nyuma, wakapaka vanishi kwa mbele, na kuiwamba upya. Ule ulegevu ukagandia humohumo, na pembeni vikajitokeza vipande vya kanvasi isiyo na rangi ambavyo Pollock hakukusudia vionekane. Juni 2008 mto Iowa ulifurika ukaingia makumbusho, lakini picha iliwahishwa kuondolewa. Ikathaminiwa dola milioni 140, na wanasiasa wa jimbo wakaanza kupiga hesabu za kuiuza. Mwaka 2011 mswada wa kulazimisha mauzo ulifika bungeni Iowa ukaishia njiani. Baada ya Getty ilizunguka Ulaya, na Agosti 2022 ikapata nyumba yake katika makumbusho mapya ya chuo hicho, yaitwayo Stanley, Iowa City.

Vanishi ya 1973 imeondolewa. Ulegevu haukuondoka, kwa hiyo badala ya kuinyoosha picha kwa nguvu, wataalamu walitengeneza fremu mpya ya kuwambia inayofuata mkunjo wake: mbao zake hazikunyooka, zimepinda kidogo juu na chini kama kanvasi ilivyopinda, na vile vipande vitupu vya pembeni vimezungushwa nyuma. Ukisimama mita tatu unaona mstatili ulionyooka sawasawa.